Ermelinda Falcato, Mwanamke Aliyenyimwa Samaki

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Ermelinda Falcato anastaafu baada ya kukitumikia kikundi chetu cha maigizo, Teatro da Salmoura, kwa miaka arobaini na mitatu. Alijiunga nasi hapa Setúbal, Ureno, mwaka 1981 kama mkata tiketi. Mwaka uliofuata mwigizaji wetu mkuu aliugua matumbwitumbwi siku ya onyesho la kwanza, Ermelinda akasukumwa jukwaani, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumshusha. Mimi nimemshonea mavazi tangu kiuno chake kilipokuwa kiuno, ndiyo maana kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia. Mwongozaji wetu, Bwana Lisandro, ameniomba nitaje sifa tu, nami nimemwahidi kujitahidi.

Ameigiza malkia, wauza samaki, wajane wasio na idadi, na mara moja askofu, kwa sababu mwanamume aliyepangiwa nafasi hiyo alikwama upande wa pili wa kivuko. Askofu yule alipigiwa makofi kuliko wote jioni ile, na mwenye nafasi yake alinuna wiki nzima. Vijana wengi mnaowaona leo kwenye majukwaa ya Lisbon wamepita mikononi mwake. Kijana akinong'ona kwenye mazoezi, yeye humpigia kelele kutoka safu ya mwisho: "Sema kwa tumbo, mwanangu! Hata wa huku nyuma wamelipa!" Ana mazoea ya kula ngisi wa kukaanga akiwa tayari ameshavaa. Mafuta ya ngisi yameniharibia magauni matatu, na nimemsamehe moja.

Nchi nzima ilimjua mwaka 2009, televisheni ilipomwita acheze Dona Leocádia kwenye tamthilia, yule mwanamke aliyemwibia wifi yake mtoto mchanga na kumwambia amekufa. Kwa miaka miwili watu walikula chakula cha jioni huku wakimlaani. Alipata tuzo, picha yake ikabandikwa kwenye mabasi, na akaacha kupata samaki. Nilikuwa naye sokoni siku muuza samaki wake wa miaka yote, Bi Capitolina, alipofunika meza yake kwa gunia alipotuona.

"Kwako leo hakuna samaki."

"Lakini si hao hapo nawaona, mama?"

"Hao ni wa wenye roho nzuri. Mrudishie wifi yako mtoto wake kwanza, ndiyo uje na kikapu."

"Jamani, si mimi! Ni walioandika!"

"Hakuna mwizi aliyewahi kusema ni yeye. Haya, pita, unanifukuzia wateja."

Nilicheka mpaka nikaegemea ndoo za barafu. Kwa miezi mingi mimi ndiye niliyekwenda kumnunulia samaki, naye akinisubiri garini amevaa miwani myeusi. Siku zile tuliona ni kichekesho, na kwa kweli kilikuwa kichekesho, mpaka jambo hilohilo lilipoingia nyumbani kwake.

Wengi wamekuwa wakiuliza kwa nini Ermelinda aliukataa mkataba wa pili wa televisheni, mkubwa kuliko wa kwanza, akarudi kwetu kwenye viti vinavyolia na paa linalovuja. Wengine walisema amegombana na wakubwa. Wengine walisema ana maringo. Safari hii nimemwomba ruhusa ya kusema ukweli, akanijibu: "Andika, Otília. Ila usiwalize watu kabla hawajakata keki."

Mama yake, Dona Perpétua, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha samaki wa makopo. Enzi zile kila kiwanda kilikuwa na king'ora chake, na mashua zikifika na sadini, saa yoyote ile, wanawake waliruka kutoka vitandani kwa kuitambua sauti ya kwao. Kwa mshahara huo alimlea binti yake peke yake. Uzeeni akili yake ilianza kupotea, akahamia nyumba ya wazee, na kila jioni alikaa na wenzake kuangalia tamthilia. Huko akamwona Leocádia. Ermelinda alipokwenda kumlisha Jumapili iliyofuata, mama alifumba mdomo na kugeuza uso ukutani.

"Mtoeni huyu. Sili supu ya mwizi wa watoto."

"Mama, ni mimi. Ermelinda wako."

"Binti yangu hawezi kuwa na roho hiyo. Mtoeni!"

Alirudi kesho yake na keshokutwa, akafukuzwa. Wauguzi walijaribu kueleza, picha za utotoni zikaletwa, lakini wapi. Ermelinda aliwasihi wakubwa wa televisheni wamwache Leocádia atubu, hata kwa dakika mbili, mama yake aone. Walicheka, wakamwambia siku Leocádia akitubu nchi nzima itakwenda kulala mapema. Mwanamke aliyesimama mbele ya maelfu ya watu bila kutetemeka alikuja kwenye chumba changu cha mavazi na kulia kama mtoto. Alichotaka ni kitu kimoja tu, mama yake amtazame tena usoni bila chuki kabla hajafa.

Wakati huo tulikuwa tunafanya mazoezi ya mchezo kuhusu wanawake wa viwandani. Jioni moja mazoezi yalichelewa kwisha, Ermelinda akakimbilia kwa mama yake akiwa bado na kilemba, aproni ya mpira na viatu vya mbao. Mimi ndiye niliyekuwa dereva, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Dona Perpétua aliinua kichwa, uso ukamchangamka.

"Idalina! Shoga yangu! Umerudi lini kutoka Ufaransa?"

Idalina alikuwa rafiki yake wa meza moja kiwandani. Alihamia Ufaransa kutafuta maisha, akafia hukohuko. Ermelinda akavuta kiti.

"Nimerudi leo, Perpétua. Kule samaki wao hawana ladha, shoga."

"Si nilikwambia! Na wewe ulivyo mkaidi! Haya kaa, nisimulie."

Wakacheka, na supu yote ikaliwa.

Mkataba ule wa pili wa televisheni, kule Lisbon, ulitaka mchana wake wote, na mchana wake ulikuwa umeshapata mwenyewe. Kila siku alasiri, kwa karibu miaka miwili, Ermelinda alivaa kilemba na kuwa Idalina. Kanuni yetu ni kwamba vazi la jukwaa halitoki nje ya jengo. Bwana Lisandro aliliona likitoka, akageuka kutazama dirishani, na kwa hilo nimemsamehe mengi.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa pili, Dona Perpétua alikuwa amedhoofu. Alimshika Ermelinda mkono, akamvuta karibu.

"Idalina, nina binti, unamjua. Ni mwigizaji, tena hodari. Yule wa kwenye televisheni si yeye, kamwibia sura tu. Wangu ana kazi nyingi, ndiyo maana haji. Akija mimi sipo, mwambie sikumkasirikia hata siku moja. Mwambie nilikuwa nakula vizuri, asije akahangaika."

Sisi wote tungevua kilemba pale pale na kusema, mama, ni mimi. Ermelinda aliogopa kwamba akikivua, atakayeonekana ni Leocádia. Akakiacha kichwani.

"Nitamwambia, Perpétua. Atafurahi sana."

Dona Perpétua alifariki wiki ile, usingizini. Mazishini watu walimsifu binti yake kwa tuzo ya televisheni, naye aliwashukuru kwa adabu zake zote. Mimi nilisimama nyuma yake nikijua ni kazi ipi iliyostahili makofi, nikashindwa kupiga makofi makaburini.

Basi leo tupige. Bi Ermelinda, Teatro da Salmoura inakushukuru kwa miaka yote hii, kwa vijana uliowafunza na kwa viti ulivyovijaza. Pumzika, ule unachotaka, tena ukiwa na gauni lako mwenyewe. Tunakuombea uzee mrefu wenye mtu wa kukulisha, nawe umjue kwa jina lake.

Na ule ujumbe uliompa Idalina, Dona Perpétua, ulifika.

Otília Barroca
Chumba cha Mavazi