Waya wa Tiya Loreta Katika Jicho la Kimbunga

Duka la Manay Sepa lilipoteza kuta tatu asubuhi ile, lakini benchi la zege lililo mbele yake halikutikisika, na waliolikalia nao hawakutikisika. Kimbunga kilitupiga tangu alfajiri kutoka kaskazini. Sasa tulikuwa ndani ya jicho lake: jua linawaka, kuku wanashangaa, na kila mtu hapa kisiwani Catanduanes, Ufilipino, anajua kwamba upepo utarudi, safari hii kutoka kusini, tena na hasira. Simu zote zilikuwa zimekufa. Njia pekee ya kuongea na mjini ilikuwa redio ya mawasiliano ya shangazi yangu, Tiya Loreta, na antena yake ilikuwa imelala kwenye tope, waya umekatika katikati. Tiya amepiga magoti anaunga waya. Mimi nasokota kamba za nyuzi za mgomba wa abaka. Na wanaume watatu wazima wanakunywa kahawa.

— Shida siyo waya, — akasema Manoy Dodoy, tunayemwita Volti kwa sababu aliwahi kutengeneza feni na ikazunguka. — Shida ni urefu. Antena inataka juu! Ipelekeni kwenye mnara wa kanisa.

— Naongea na mjini, Volti, siongei na mwezi, — Tiya akajibu bila kuinua kichwa. — Waya wa chini unatosha. Nataka mtu mmoja tu apande kile kisiki cha mnazi anifungie ncha hii. Ncha nyingine itakaa kwenye mwanzi.

— Haraka ya nini? — Huyu ni Manoy Turing, Barometa, ambaye hutabiri hali ya hewa kwa goti. — Goti langu linasema jicho ni pana. Tuna saa nzima. Labda mbili.

— Juzi lilisema hakuna mvua, — akadakia Manay Sepa akimimina kahawa. — Nikaanika samaki wangu wote.

— Lile lilikuwa la kushoto.

Ndipo akakohoa Manoy Seloy. Tunamwita Diwani. Hajawahi kuchaguliwa, ila hotuba anazo.

— Jamani, tufikiri kwa upana. Mwaka juzi kijiji cha ng'ambo kilinyamaza kabisa redioni. Kikaletewa nini? Helikopta! Sisi tuliosema tuko salama tukaletewa sardini na salamu za pole. Napendekeza tunyamaze.

— Hoja nzito hiyo, — akasema Volti.

— Tukinyamaza sana, inakuja meli kabisa, — akaongeza Barometa. — Ya Wajapani. Yenye daktari wa magoti.

Chuoni mimi ni mtu wa midahalo. Nimepambana na watu wakitetea mambo ya ajabu, lakini wale walau hupangiwa upande kwa kurusha sarafu. Hawa walijichagulia wenyewe!

— Manoy Seloy, kama kuna kijiji kimefukiwa na tope, kinaisubiri helikopta hiyo hiyo unayotaka kuiiba kwa kunyamaza, wewe tukuiteje?

— Nene, binti yangu, hapa siyo chuoni. Kaa unywe kahawa.

— Sinywi! Shikeni kamba!

Wakacheka. Wakacheka mpaka alipotokea Nanay Ursula kutoka shuleni walikojihifadhi watu, peku, mfuko wa plastiki kichwani. Binti yake Merlinda alipelekwa hospitali ya mjini jana, uchungu umeshamwanza. Wakamsogezea nafasi. Hakukaa.

— Wanangu, Merlinda ameshajifungua?

Volti akachungulia kikombe chake. Barometa akashika goti, goti likakosa la kusema. Diwani akamsogezea kikombe cha kahawa.

— Nauliza tu. Naona mnajua mambo mengi.

Sikuona aliyeinuka kwanza. Niliona Diwani yuko juu ya kisiki, tumbo na yote, na Volti anakaza kamba ya mwanzi.

— Siyo huko! — Tiya akanguruma. — Upepo unarudi kutoka kusini. Kaza kamba ya kusini, tena mbili!

Alipounganisha redio na betri ya gari, wingu jeusi lilikuwa limeshafika juu ya mashamba. Akaita. Mikwaruzo. Akaita tena, na sauti ya mtu ikaibuka: kituo chao kimo hospitalini humo humo.

— Tumewapata! Semeni, kuna majeruhi? Chakula? Maji?

— Wodi ya wazazi kwanza, — Tiya akajibu. — Merlinda, binti wa Ursula.

— Subirini.

Tukasubiri. Upepo ukaanza kupiga mluzi, mwanzi ukapinda, na Diwani, ameshashuka kisikini, akaukumbatia kwa mikono yote miwili bila kuambiwa na mtu.

— Wa kike! — sauti ikarudi. — Mama mzima, mtoto mzima. Haya, haraka, upepo unawajia. Mnahitaji nini?

Nanay Ursula akampokonya Tiya kipaza sauti.

— Tunahitaji kujua ana kilo ngapi.