Ami Thuwein na Shati la Rafu ya Pili

Baada ya miaka thelathini na moja nyuma ya cherehani, Bwana Thuwein Nassor, fundi wa sare wa shule yetu hapa mtaa wa Al Mankhool, katika nchi hii ya Kiarabu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Siku tatu baadaye atarudi kwao Unguja. Wafanyakazi na wazazi tunaotoka Afrika Mashariki tumeona tumuage kwa lugha yake.

Alifika mwaka 1994, shule ikiwa bado nyumba moja ya kupanga yenye uwanja wa mchanga. Alipewa chumba kidogo chini ya ngazi, na hadi leo yumo humo. Watoto wa Kihindi na wa Kifilipino wanamwita Ami bila kujua kwamba maana yake ni ndugu wa baba. Wapo wanaodhani ndilo jina alilopewa kwao.

Hapimi mtu mara mbili. Humtazama mtoto anapoingia mlangoni, akasema, "Yalla, simama wima kama Alifu," akaandika. Mwaka mmoja mgeni rasmi alipasukiwa na suruali dakika chache kabla ya hotuba. Ami alimficha nyuma ya kabati la vitambaa, akamrudisha jukwaani kabla wimbo wa shule haujakwisha. Mlinzi wetu Duncan bado humsumbua: "Mzee, si utuambie tu alikuwa nani? Jamaa alishaondoka hii nchi kitambo." Ami humjibu, "Nastaafu mimi, mwanangu. Suruali ya mtu haistaafu."

Mwandishi wa wasifu huu amekuwa msaidizi wake tangu Machi, alipomaliza shule hapahapa. Siku ya kwanza hakupewa sindano. Alipewa kola iliyoharibika na kiwembe. "Kushona kila mtu atajifunza," Ami alisema. "Nionyeshe unavyofumua."

Kazi yake iliyozungumzwa zaidi mwaka huu ni gauni la mchezo wa Mei. Darasa la kumi na moja walikuwa wamesoma na Mwalimu Barbara riwaya za kale za Kimarekani kuhusu Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali waliovuka bahari wakajenga miji ambamo dhambi ya mtu mmoja ilikuwa habari ya mji mzima. Kisha wakatunga mchezo wao wenyewe. Mjane anaiba mkate wa kanisa wakati wa njaa, na wazee wanamhukumu avae kifuani kitambaa cheupe chenye umbo la mkono kwa miaka saba. Mwishoni kitambaa kinabanduliwa na mjane anakwenda zake akitabasamu.

Ami alitazama mazoezi akiwa mlangoni, tepu ya kupimia shingoni.

"Miaka saba juani, mwalimu?" alimuuliza Barbara. "Basi nguo hiyo haitakuwa rangi moja."

"Ami, watazamaji hawataona."

"Mjane ataona."

Alilianika lile gauni la buluu juu ya paa wiki tano, kitambaa cheupe kikiwa kimeshikizwa kifuani. Siku ya mchezo kilipobanduliwa, chini yake palikuwa na mkono mwingine, wa buluu iliyokoza, katikati ya gauni lililopauka. Msichana aliyeigiza mjane alisahau kutabasamu. Mwalimu Barbara alisema amefundisha ishara na hatia kwa miaka mingi, na hakuwahi kuziona zimeanikwa namna ile.

Watu walipompigia makofi Ami hakupanda jukwaani. Baadaye alimwambia mwalimu kwamba hakubuni chochote. Alikuwa ameliona jambo hilo kwenye shati la mtoto, katika shule hii hii.

Walio wakongwe kazini wanaukumbuka utepe wa njano. Mwaka 2016 uongozi wa wakati ule uliamuru kwamba mwanafunzi atakayechelewa mara tatu kwa mwezi ashonewe utepe kwenye mkono wa shati mpaka mwezi uishe. Rumaisa Fawaz, wa darasa la saba, alikuwa akitoka mbali, mtaa wa International City, kwa basi na kisha metro, na basi lilikuja lilipotaka. Wanafunzi wengine walikuwa wakifumua tepe zao wakifika uwanjani. Kwa hiyo Ami alimshonea Rumaisa mshono wa kurudia mara mbili, mdogo kiasi kwamba ncha ya mkasi isingeingia. Anasema aliuonea fahari mshono ule.

Mwezi ulipoisha aliufumua mwenyewe. Shati la samawati lilikuwa limepauka, na palipokuwa na utepe pakabaki mstari. Watoto wakampa Rumaisa jina la Bi Mstari. Mwandishi, aliyekuwa darasa la tatu na ambaye hakuwahi kukosewa lolote na Rumaisa, alimwita hivyo pia, akacheka na wenzake. Rumaisa alikwenda kwenye chumba cha chini ya ngazi kuomba shati jingine, akatoka mikono mitupu. Muhula uliofuata hakurudi shuleni.

Mwandishi alipoombwa wasifu huu alikusudia kuishia kwenye gauni. Ami alisoma rasimu, akairudisha. "Ukiandika mazuri matupu, binti yangu, umenishonea nguo ya mtu mwingine."

Haja yake moja kabla ya kuondoka nchini ilikuwa kumwomba Rumaisa radhi. Mwalimu Barbara aliulizia kwa wanafunzi wa zamani, akaambiwa kwamba anafanya kazi mtaa wa Naif, katika duka la nguo za watoto zinazosafirishwa Mombasa na Dar es Salaam. Ami alikwenda Jumanne moja alasiri. Alimchukua mwandishi, "nisije nikageuka njiani."

Rumaisa alimtambua mara moja. Alitoka nyuma ya kaunta, akamvutia kiti. "Ami Thuwein! Bado uko chini ya ngazi?" Akamwambia mwenzake wa dukani kwamba mzee huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa mwema kwake katika shule ile. Ami hakukaa.

"Ule utepe niliushona mimi," alisema.

"Najua, Ami. Uliagizwa."

"Na ulipokuja kuomba shati, nikakwambia khalas, yamekwisha."

"Si yalikuwa yamekwisha."

"Yalikuwepo. Rafu ya pili, saizi yako. Ilitakiwa fomu itiwe saini na naibu mkuu, nami niliogopa kumwendea."

Rumaisa alikuwa na gauni la mtoto mkononi. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa na mtu mmoja wa kumkumbuka vizuri pale."

Ami alimwomba radhi. Rumaisa alisema hana la kumjibu leo, wateja wanasubiri. Mwandishi naye alikuwa na lake la kusema, akashindwa kufungua mdomo. Walirudi kwa metro.

Tangu siku hiyo Ami, ambaye simu yake huishi kwenye droo pamoja na vifungo, amekuwa akiiweka kando ya cherehani na kuitazama. Mwaliko wa hafla hii ya kumuaga ulipelekwa Naif. Jana jibu lilikuja kwa Mwalimu Barbara:

"Sitakuja. Ami aende kwao salama, asinisubiri. Kama mnaandika habari yangu, andikeni jina langu lote. Mimi sikukosa."

Ami alisomewa. Alisema, "Ana haki," akageukia mashine kumalizia sare za Septemba.

Ami Thuwein, tunakushukuru kwa kila mtoto aliyesimama mstarini akiwa nadhifu kwa sababu yako, na kwa kutokubali tukuage kwa nusu ya habari yako. Hatukutakii usahau, kwa kuwa hukutaka kusahau. Tunakutakia afya, macho ya kutunga uzi bila miwani, na asubuhi za Malindi ya Unguja zisizo na kengele ya shule.

Waandaaji walisema si lazima mwandishi aweke jina lake, na wanajua angependelea hivyo. Lakini nakala moja ya karatasi hii itapelekwa Naif, na Rumaisa Fawaz anastahili kujua ni nani, kati ya wale waliocheka, aliyeiandika.

Masuda Harith
Msaidizi wa stoo ya sare. Mwaka 2016, mwanafunzi wa darasa la tatu