Chuma cha Kuning'inizia Vifuniko

Sogeeni, wanangu. Mkubwa, kaa hapo juu ya sanduku la spana, na wewe kitindamimba wangu panda kitandani miguuni pangu, na dirisha liacheni wazi ili niione pikipiki pale uani, maana maneno ya leo yanaihusu na yenyewe. Pumzi yangu imekuwa kama maji ya mgao, inakuja inakatika, kwa hiyo nikinyamaza msikimbilie kuita watu; ngojeni, itarudi. Na wewe mdogo wangu Cheche, uliyesimama mlangoni umeshika kofia kama mtu aliyekuja kusoma mita, sijakwambia uketi kwa sababu nataka kwanza usikie nitakayoyasema, halafu uamue mwenyewe kama nyumba hii ina kiti chako.

Nyumba ni ya mkubwa, yeye na wanawe, ila chumba cha nyuma chenye mlango wa uani ni cha dada yako huyu kitindamimba mpaka siku atakayosema kwa kinywa chake kwamba hakihitaji, na asiulizwe siku hiyo ni lini. Spana zote, mashine ya kukatia mabomba na zile koleo kubwa mbili alizoniachia bwana aliyenifundisha kazi ni za kitindamimba, kwa kuwa ndiye aliyerithi mikono yangu na ndiye watu wanayemwita sasa bomba likipasuka. Na pikipiki ni yake. Nimekusikia ukiguna, mkubwa. Guna tu, mwanangu, dereva wa lori asiyeguna bado hajaiva, lakini fungu lako kubwa kuliko nyumba sijalitaja, na ukilijua utaona pikipiki ni kitu kidogo.

Mwezi uliopita niliwaita nikawaambia: pikipiki yangu ina miaka arobaini na mmoja, barabara za kilimani zimeharibika, na anayeipanda sasa ni mtoto wa kike mwenye haraka kuliko mimi nilivyokuwa; kila mmoja aniletee gadi, yale mabomba yanayokumbatia injini mbele ili ikianguka ubavu isipigwe na ardhi wala isikulalie mguu. Mkubwa ukaniletea moja ya dukani, inang'aa mpaka nikajiona ndevu zangu ndani yake. Ulifanya kwa upendo na sikucheki. Lakini vyote ving'aavyo si dhahabu, na gadi ile imetengenezwa kwa pikipiki za siku hizi: matundu yake hayaoani na ya kwetu, ingebidi tutoboe fremu iliyokwisha kuchoka, imejishika kwenye injini yenyewe, kwa hiyo pigo likija injini ndiyo inayolipokea, inabana breki ya mguu, na ukitaka kumwaga oili lazima kwanza uifungue yote. Kitu cha kukulinda kinachokuzuia kuhudumia unachokilinda, hicho ni mlinzi anayekufungia wewe nje.

Kitindamimba yeye hakwenda dukani. Alikwenda jikoni. Akakishusha kile chuma kilichopinda cha ukutani, kile ambacho nyote wawili mmekua mkikining'inizia vifuniko vya sufuria, akakipima kwa utepe, akakipeleka pale uani akakiweka kwenye fremu, na matundu yakaingia pahali pake kana kwamba yalikuwa safarini na sasa yamerudi. Hakuniuliza kitu. Alikichukua akampelekea baba yake mdogo, ambaye mimi nilikuwa sijamtaja jina ndani ya nyumba hii kwa miaka thelathini na sita, akamwambia, "Baba mdogo, nitengenezee kama hii ilivyokuwa kabla haijapinda." Na Cheche akatengeneza mpya kwa kuifuata ile, na ile ya zamani ikarudi ukutani. Siku ilipoletwa nikapitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea, nikaujua kama mtu anavyoujua mwandiko wa ndugu yake, na nikageukia ukutani nikalia, nanyi mkadhani ni dawa.

Sasa sikilizeni, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kimeshavua viatu pale nje.

Chuma kile ndicho gadi ya kwanza ya pikipiki ile. Alinitengenezea Cheche, kijana ndiyo kwanza amefungua karakana yake, kwa bomba jepesi lenye uwazi ndani, akaifunga kwa bolti kwenye fremu, juu na chini, asiichomelee. Wiki ya tatu nikashuka nayo mteremko wa tangi la maji, mama yenu kakaa nyuma, changarawe zikanitelezesha, tukalala ubavu wa kushoto na kuburuzika mpaka kwenye mtaro. Nikasema moyoni, mguu wa mke wangu umekwisha. Mama yenu akainuka, akajipangusa, akauliza kiatu chake kimeangukia wapi. Injini haikuwa na mkwaruzo. Ila gadi ilikuwa imepinda kama mnavyoiona jikoni.

Na mimi, badala ya kushukuru, nilikasirika. Niliingia karakanani kwa mdogo wangu mbele ya wateja wake, nikaibwaga gadi miguuni pake, nikamwambia amenifungia bati. Alinijibu neno moja tu, kwa upole: "Kaka, imepinda ili nyinyi msivunjike." Mimi fundi bomba, niliyewafundisha watu mji mzima kwamba bomba linalokubali kupinda halipasuki, nilishindwa kulielewa jambo la kazi yangu mwenyewe kwa sababu limesemwa na mdogo wangu. Kiburi si maungwana, wanangu, na mimi siku ile sikuwa muungwana.

Nikaenda kwa fundi mwingine, akanitengenezea gadi ya nondo tupu, nzito kama lango la jela, akaichomelea moja kwa moja kwenye fremu. Watu waliisifu, nami nikapita nayo nimetunisha kifua. Kisha siku moja pale kwenye nyumba ya pampu, pikipiki imesimama kabisa, siendi popote, stendi ikateleza na ikaanguka yenyewe polepole kama mzee anayesinzia. Gadi haikupinda hata unywele. Ila pigo lote lilipita ndani yake likaenda kwenye fremu, fremu ikapasuka pale inaposhika injini, oili ikamwagika yote, ikabidi nondo ikatwe na fremu iungwe. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo, na kilichovunjika kilikuwa zaidi ya fremu.

Kwa maana sikusema ukweli. Niliwaambia watu kwamba gadi ya kwanza, ile ya Cheche, ndiyo iliyoilegeza fremu. Nilisema sokoni, nikasema ofisini kwa watu wa maji, nikasema kila mahali nilipokwenda kuziba bomba. Na watu wakaniamini, kwa kuwa nilikuwa kaka yake, na nani atamsingizia ndugu yake wa tumbo moja? Wateja wakampungukia mpaka akafunga karakana ile ya barabarani akaenda kuchomelea vitanda kule nyuma ya nyumba yake. Huo ndio wosia wangu ulio mzito, na sitaki uzikwe nami.

Aliyejua yote ni mama yenu. Aliichukua gadi iliyopinda, akaniambia, "Kama hutaki kuisema kweli, utaiona kila ukija kula," akaipigilia misumari ukutani na kuning'iniza vifuniko. Miaka yote ile nilikula nikiwa nimeipa mgongo. Alikufa hajaning'oa neno, na chuma hakikung'oka pia.

Mkubwa, sasa fungu lako. Siku ile kwenye mteremko mama yenu hakuwa peke yake nyuma yangu. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba hiyo ni wewe. Pikipiki ni ya dada yako, lakini chuma cha jikoni ni chako, uking'oe kwa mikono yako, ukipeleke kwenye lori lako ukitundike pale utakapokiona. Kila bao ulilofunga ujanani, kila mzigo uliofikisha, kila mtoto uliyemzaa alipita kwanza pale kwenye ule mpindo. Hakuna mtoto katika mtaa huu aliyerithi kitu kama hicho.

Na ushike haya, kitindamimba, siku nitakapokuwa sipo na gadi hii ikahitaji mwenzake. Gadi ya pikipiki kuukuu ishike fremu, isishike injini. Iwe ya bomba lenye uwazi, isiwe nondo. Ifungwe kwa matundu ya zamani, na kabla ya kuifunga kwangua rangi uone kama kuna kutu. Ipishe goti na breki ya mguu. Kandamiza shokapu za mbele mpaka mwisho uone tairi haligusi. Na ikishapinda usiinyooshe ukairudisha. Bomba lililonyooshwa ni kama kiapo cha mlevi. Tundika ukutani, tengeneza nyingine.

Cheche. Mdogo wangu. Nilikusingizia. Gadi yako ilimwokoa mke wangu na mwanangu na mimi, na mimi nikakulipa kwa kukuvunjia jina. Wanangu, mtakwenda sokoni na ofisini, mahali pote nilipoyasema yale, mseme kwa sauti kwamba baba alidanganya na baba mdogo alikuwa fundi kuliko wote. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini bomba linaweza kuzibwa, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nisamehe.

Unafanya nini? ... Anavua viatu. Mpisheni. Keti hapa, hapa kitandani, ubavuni kwangu kama tulivyolala tukiwa wadogo. Mkono wako bado una makovu ya cheche. Watu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wengi walilima kweli katika ugomvi wetu. Sasa waje na makapu, wavune, mimi sina tena mlango wa kuwafungia.

Bado kitu kimoja, na nifanyieni upesi. Gadi imeshafungwa, lakini haiaminiwi mpaka pikipiki ilazwe. Mkubwa, toka uani na dada yako. Tandika gunia. Ilazeni ubavu wa kushoto, taratibu, ule ule wa siku ile... Nyanyua pazia, Cheche, sioni vizuri. Haya, imelala. Sasa mama, kitindamimba wangu, pitisha mkono chini ya injini. Pitisha. Unapita? ... Amesemaje, Cheche? Mimi masikio yamejaa maji.

Ngumi nzima. Anasema ngumi nzima inapita. Ardhi haijaigusa.

Mmesikia. Miaka thelathini na sita, na injini ya mzee bado... haijaguswa na ardhi. Isimamisheni. Iwashe, mama. Mara ya pili itakubali, mara ya kwanza huwa inaringa... Hiyo. Hiyo hapo. Sikia inavyocheka.

Msilie dirishani kwangu leo, nimeshinda. Nizikeni bila maneno mengi. Koleo zangu zipakwe grisi kabla ya mvua. Baba yenu mdogo... ale hapa, kila siku akitaka, akae upande unaotazama ule ukuta wa jikoni.

Mungu awape barabara, wanangu. Siwaombei msianguke, mtu anayekwenda huanguka. Nawaombea... mkianguka mwinuke, mjipanguse, mtafute kiatu.

Usiizime, mama. Nenda nayo. Watu wa kilimani hawana maji tangu asubuhi.