Vyungu Mia na Arobaini vya Mama Chungu

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 1949, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza katika watoto wawili. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, yule anayeandika namba na kuchora mistari ya pembeni, na mama yake alikuwa akiuza mboga dirishani. Mdogo wake wa kike, ambaye yuko hapa nasi, alizaliwa miaka sita baadaye, na tangu siku hiyo marehemu alilala naye chumba kimoja hadi alipoolewa. Baba yao alikuwa akirudi na rangi zilizobaki kwenye makopo, nyekundu ya breki na kijani ya mabehewa ya mizigo, na akamfundisha binti yake kuvuta mstari ulionyooka bila rula. "Ukivuta mstari usivute pumzi," alikuwa akimwambia. "Vyote viwili haviendi pamoja."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1968. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na yeye mwenyewe alikuwa akisema nafasi ya kumi na tisa ndiyo iliyokuwa na hewa nzuri. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja. Mwalimu wa sayansi aliwaagiza wanafunzi wote waoteshe maharage ndani ya makopo, wapime urefu wa mche kila siku. Marehemu alilipaka kopo lake maua, vipepeo na ukingo wa dhahabu. Mwalimu akalishika, akalizungusha, akasema, "Nimesema muoteshe maharage. Sikusema muoteshe kopo." Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka nao. Wiki iliyofuata mwalimu huyohuyo alimletea makopo manane ya ofisini kwake.

Februari 1970 aliajiriwa posta, dirisha namba tatu, stempu na rejista. Hapo ndipo kazi yake ya vyungu ilipoanzia. Mwaka 1971 mgawa barua mmoja alistaafu baada ya miaka thelathini ya kutembea, na wenzake hawakuwa na zawadi ya kumpa isipokuwa maneno. Marehemu alichukua chungu cha maua kilichokuwa kimeachwa chini ya ngazi, akakisugua kwa brashi na maji, akakianika siku mbili, akakipiga msasa, kisha akachora kuzunguka tumbo la chungu njia yote ya mzee yule: mitaa, kona, mageti, kibanda cha fundi baiskeli, hadi mbwa wa nyumba ya kona aliyemchukia kwa miaka kumi na moja. Ndani akapanda mche wa jereni, ua jekundu la barazani. Siku ya kuagana, mzee alifuata njia yake kwa kidole taratibu, kituo kwa kituo. Alipofika kwa mbwa alisimama. "Huyu naye mmemwalika," akasema.

Baada ya hapo hakupumzika. Mtu akistaafu, akihamishwa, akijifungua, akipata nyumba, chungu kilitoka dirisha namba tatu. Wateja wakaanza kumwita Mama Chungu kabla hajawa mama wa mtu yeyote.

Mumewe alimpata kwa sababu ya mimea iliyokufa. Marehemu alikuwa akinunua miche kwenye kitalu cha bustani za manispaa, na kila mara alirudi kulalamika kwamba imenyauka. Kijana aliyekuwa akiitunza miche ile alimsikiliza mara tatu, mara ya nne akamwomba alete chungu chenyewe. Akakigeuza chini juu. "Dada," akasema, "mimea yako haifi kwa kiu. Inakufa maji. Chungu hiki hakina tundu." Akachukua drili ya mkono na kukitoboa palepale, polepole, huku akikimwagia maji kisipasuke. Wiki iliyofuata marehemu alipeleka vyungu sita, na inasadikiwa kwamba vinne kati ya hivyo vilikuwa na matundu tayari.

Walioana Jumamosi, tarehe 17 Novemba 1973. Hawakuwa na uwezo wa sherehe kubwa, lakini kila mgeni aliondoka na kijichungu cha ukubwa wa kikombe, kimepakwa chokaa nyeupe na kufungwa utepe, chenye kipandikizi kimoja kutoka kitaluni. Katika hotuba yake bwana harusi alisema, "Nimeoa Chungu, lakini uchungu sijauona." Bibi harusi alijibu akiwa amekaa, "Bado hujafika chini." Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1975 na wa kike mwaka 1979, wote waliolelewa kwenye baraza iliyojaa magazeti ya kuwekea brashi, na ambao hadi leo hawawezi kukalia kiti bila kukigusa kwanza waone kama rangi imekauka.

Familia ilikubaliana kwamba wasifu huu usifiche kitu, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuficha. Kwa hiyo hapa panasimuliwa habari ya harusi ya tarehe 12 Desemba 1998.

Aliyekuwa akiolewa ni mtoto pekee wa mdogo wake. Mdogo mtu, ambaye ni mshonaji, alikuwa amemlea binti huyo peke yake kwa cherehani ya miguu, na siku hiyo ilikuwa siku yake kama ilivyokuwa ya binti. Alimwomba dada yake jambo moja tu: vyungu mia na arobaini, kimoja kwa kila mgeni. Marehemu alifanya kazi wiki saba. Mvua zikachelewesha ukaukaji, rangi ya mafuta ikamwishia vikiwa vimebaki tisini, na madukani haikuwepo. Akatumia rangi ya maji, ile ya watoto wa shule, kwa sababu hukauka upesi. Na kwa kuwa siku zilikuwa zimekwisha, hakuvipaka vanishi ya kuzuia maji, si ndani wala nje.

Mumewe alimuuliza, "Vanishi je?"

"Nani atagundua?" alijibu. Maneno hayo mawili aliyarudia kwa watu wengi katika maisha yake, kama mtu anayeonyesha kovu.

Asubuhi ya harusi miche ilimwagiliwa ili ionekane mibichi. Chungu cha udongo hunywa maji na kuyatoa nje kama jasho, na ilipofika saa nane mchana vyungu tisini vilikuwa vinalia. Bluu na nyekundu zilishuka kwenye vitambaa vyeupe vya meza, kwenye viganja, kwenye mashati. Mama wa bwana harusi alikuwa amekipakata chake. Gauni lake la rangi ya maziwa, ambalo mdogo wa marehemu alikuwa amelishona kwa wiki tatu, liliharibika kuanzia kiunoni hadi magotini.

Mdogo wake hakupiga kelele. Alimjia dada yake kando ya ukumbi, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, maisha yangu yote nimekuomba kitu kimoja." Akageuka. Hawakuzungumza tena kwa miezi kumi na mitano.

Januari 1999 marehemu alimwendea bibi harusi, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, akamwomba orodha ya wageni.

"Mama mkubwa, ya nini? Watu wameshasahau."

"Waliosahau nitawakumbusha," akasema, "halafu nitawaomba radhi."

Akavitengeneza upya vyote, mia na arobaini, hata vile hamsini ambavyo havikuwa na kosa. Kila kimoja alikiloweka, akakisugua, akakianika, akakipaka vanishi ndani mara mbili, akakichora, akakipaka vanishi nje mara tatu. Na kila Jumamosi alasiri, akitoka kazini, alitia vyungu viwili vitatu kwenye kikapu na kuvipeleka nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Mumewe alijitolea kumsaidia kubeba. Alimkatalia. "Wewe uliniuliza," alimwambia. "Mimi ndiye niliyejibu."

Si kila mlango ulifunguliwa kwa furaha. Muuza nyama mmoja alikiangalia chungu bila kukishika, akasema, "Na hiki nacho kinatoa rangi?" Marehemu akaomba maji. Akaletewa jagi, akalimimina lote kwenye chungu, akakiweka juu ya karatasi nyeupe ya kufungia nyama. Muuza nyama akavuta stuli mbili. Wakakaa wakikitazama kwa robo saa nzima kama watu wanaosubiri maji yachemke, wateja wakija na kuuliza kuna nini, wakiambiwa wangoje. Karatasi ikabaki nyeupe. "Haya," akasema muuza nyama, "sasa ingia ndani, mke wangu akuone." Mgeni mwingine alikuwa amefariki, na chungu chake kilipokelewa na mjane, aliyemshikilia marehemu hadi jioni kwa mazungumzo. Mwingine alikuwa amehamia mji wa mbali, safari ya siku nzima. Mama wa bwana harusi alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Gauni lilishakuwa vitambaa vya kufutia vumbi. Vizuri sana, vinanyonya. Keti."

Chungu cha mwisho alikipeleka kwa mdogo wake Jumamosi, tarehe 18 Machi 2000. Alimkuta kwenye cherehani. Miguu haikusimama.

"Weka hapo," mdogo wake akasema bila kuinua macho.

"Siweki. Nataka ukipokee mkononi."

"Mikono ina kazi."

"Nitangoja."

Akangoja amesimama. Pindo la gauni likashonwa lote, likageuzwa, likashonwa tena mahali pasipohitaji. Uzi ukaisha kwenye bobini. Cherehani ikanyamaza.

"Hicho ni cha ngapi?"

"Cha mia na arobaini."

"Na vingine vyote umevipeleka kwa miguu?"

"Kimoja nilikipeleka kwa treni."

Mdogo wake alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akalaza kichwa kwenye cherehani, na kicheko kikageuka kilio, na marehemu akabaki pale na chungu chake kwa sababu bado hakuna aliyekuwa amekipokea. Hatimaye mdogo wake alikichukua, akakiweka mapajani, juu ya nguo ya mteja. "Vua viatu," akamwambia. "Nione hiyo miguu." Akamchemshia maji ya chumvi, na marehemu akaitia miguu ndani ya beseni, nao wakakaa hivyo mpaka maji yalipopoa.

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja. Dada mtu alipaka na kuchora, mdogo mtu alikata utepe, akashona lesi za ukingoni na vifuko vya kufunikia udongo ili usimwagike njiani. Marehemu alipostaafu posta mwaka 2004, baraza ilikuwa karakana kamili. Waliooana mtaani kwetu kwa miaka ishirini waliondoka na vyungu vyao, na wanawake kumi na wawili wamejifunza kazi hii mikononi mwake na kuifanya riziki. Somo la kwanza lilikuwa vanishi. Mwanafunzi aliyeuliza kama kuna ulazima alikaribishwa chai na kusimuliwa harusi ile tangu mwanzo. Waliomzoea walijifunza kutouliza, lakini wengine waliuliza makusudi, kwa kuwa walipenda kumsikia akisimulia, hasa akifika kwa muuza nyama.

Mwaka 2021 miguu yake ilianza kuvimba, na daktari akasema ni moyo. Alipunguza ngazi na chumvi, hakupunguza kazi. Alilazwa tarehe 22 Aprili 2025, na siku ya tatu akaomba aletewe vyungu kumi na viwili kwa ajili ya wauguzi wa wodi, akavichora akiwa ameegemea mito. Alipomaliza cha saba mkono ulimkatalia. Mdogo wake akavaa miwani na kuchukua brashi. Marehemu akajiinua kwenye mito, akakikagua chungu.

"Mstari umepinda."

"Mkono wangu ni wa sindano, Dada."

"Basi uache hivyo hivyo," akasema. "Watajua tulikuwa wawili."

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa kumi alasiri, mumewe akiwa ameshika mkono wake wa kulia na mdogo wake akifunga utepe kwenye chungu cha kumi na mbili. Wauguzi walivipokea vyote jioni hiyo.

Ameacha mume waliyeishi pamoja miaka hamsini na mmoja. Mtoto wa kiume, fundi umeme, na mkewe. Mtoto wa kike, mwalimu wa chekechea, na mumewe. Wajukuu watano, na kitukuu mmoja aliyezaliwa Machi, ambaye marehemu aliwahi kumpakata mara mbili. Mdogo wake, mshonaji. Na mtoto wa mdogo wake, aliyemwita mama mkubwa na ambaye kwake alikuwa mama tu. Ameacha pia majirani, wanafunzi, na wafanyakazi wenzake wa posta walio hai, watatu, ambao wamekaa pamoja pale nyuma.

Mikono yake imefanya kazi ya kutosha, na miguu yake imetembea. Mungu ampe mahali pazuri pa kukaa, naye apumzike kwa amani.