Mzee Pande Mbili na Alhamisi za Draiva

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu, ninayemwambia karibu kila kitu. Kazi ya kusasisha draiva kwenye kompyuta ya chumba cha mwisho niliijua mapema sana, kabla mtu yeyote hajadhani kwamba naijua. Nilijifanya sijui. Nimeombwa niandike wasifu wa mzee wetu anayestaafu, na nimejaribu kuuanza kwa namna nyingine, lakini kila nikianza najikuta nalizunguka jambo hilo hilo. Basi nimelitanguliza.

Mzee wetu anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kuitumikia ofisi hii ya ramani kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia akiwa kijana, mchora ramani wa daraja la chini kabisa, na anatoka akiwa mtunzaji wa ramani zote za zamani. Jina lake kamili limo kwenye faili, lakini ukilitaja getini mlinzi atakuuliza, "Nani huyo?" Ukisema Mzee Pande Mbili, atakuonyesha mlango bila hata kuinua kichwa.

Alipoajiriwa, ukumbi wa juu ulijaa meza za kuchorea, na kila meza ilikuwa na mtu wake, taa yake na kalamu zake za wino. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa na mkono mtulivu kuliko wote, ndiyo maana alipewa mito. Mwenyewe ameniambia kwamba mto ukichorwa na mkono unaotetemeka hufanana na ufa wa ukutani, na mtu akiiona ramani hiyo atadhani nchi inabomoka. Kompyuta zilipoletwa, baadhi ya wenzake walinuna, baadhi wakahamia ofisi nyingine. Yeye alivuta kiti akakaa mbele ya mashine akaanza kubonyeza.

Wenzake wa meza za wino walistaafu mmoja mmoja. Kila mmoja alipoondoka, yeye ndiye aliyepita vyumbani kuchangisha zawadi, na yeye ndiye aliyeshika upande wa pili wa sanduku mpaka kituoni. Leo zamu ni yake, na hakuna hata mmoja wa wale aliyebaki hapa kumshikia sanduku. Meza zao bado zipo. Alizifunika kwa vitambaa yeye mwenyewe, na akipita huvinyoosha pale vilipojikunja, kama mtu anayetandika vitanda vya watoto waliokwenda bweni.

Sasa niwaeleze hiyo kompyuta, maana wengi mmesikia habari zake lakini chumba cha mwisho hamfiki. Ni kompyuta moja yenye mifumo miwili. Ukiiwasha, inakuuliza unataka upande gani. Upande mpya ndio ule tunaoutumia sote kwa kazi za kila siku. Upande wa zamani una programu iliyotumika kuchora ramani za wakati ule, na ramani hizo zikifunguliwa upande mpya hupoteza majina madogo: vijito, visima, njia za miguu. Zinabaki milima na barabara kubwa tu. Mwaka huu alikuja mpima ardhi mmoja, amekasirika, akisema kisima anachokitafuta hakipo kwenye ramani yetu. Mzee alimkalisha, akaizima mashine, akaiwasha upande wa pili, na kisima kikaonekana pale pale pembeni mwa njia, pamoja na jina lake. Mpima ardhi alisema, "Mzee, kumbe mlikificha?" Naye akamjibu, "Hatukukificha, bwana. Uligonga mlango usio wake."

Kuishi na pande mbili kunataka uangalifu. Draiva ni programu ndogo inayoielekeza kadi ya picha namna ya kuchora kwenye skrini. Kila upande una draiva yake, na kila moja huzeeka kwa wakati wake. Ukisasisha huku bila kuangalia kule, siku moja utawasha ukute skrini nyeusi tii. Kwa hiyo mzee alijiwekea Alhamisi ya mwisho wa kila mwezi, na mkuu wa idara akamruhusu mchana mzima kwa ajili hiyo. Huanza na upande mpya, akausasisha, akauzima kabisa, akawasha wa zamani, akausasisha, akazima, kisha akarudi tena upande mpya kuhakikisha kwamba haukununa. Mwisho hufungua upande wa zamani na ramani ya bonde aliyoichora mwenyewe ujanani. Mito ikiwa ya buluu, kazi imekwisha. Ikiwa ya zambarau, tunaanza upya.

Kuna mtego mmoja ambao yeye ndiye aliyenifundisha. Upande mpya, ndani kabisa ya mipangilio ya umeme, una kisanduku kidogo. Kikiwekwa alama ya vema, mashine ukiizima haizimiki yote, ili kesho iamke haraka. "Huyu halali," alikuwa akiniambia, "huyu anasinzia jicho moja wazi." Na ukiwasha upande wa zamani wakati mwenzake anasinzia, unakuta diski ya ramani imefungwa, kama mlango uliokomewa kwa ndani. Dawa yake ni kuiondoa hiyo alama ya vema, na kuzima upya.

Si kwamba hakosei. Mwaka mmoja skrini ilikuwa nyeusi pande zote mbili, akashinda kutwa akibadilisha draiva, ya leo, ya jana, ya mwaka juzi, mpaka mfanyakazi wa usafi akaja kufagia akasema, "Babu, huu waya jana nilipofuta vumbi niliuchomoa, sijui kama nimeurudisha penyewe." Alikuwa ameuchomeka tundu la jirani, lisilo la kadi ya picha. Mzee huisimulia habari hiyo akijicheka mwenyewe, na tangu siku ile kila skrini ikizimika huinama kwanza kutazama waya.

Mimi nilikuja hapa nilipomaliza shule, kwa mkataba wa muda, kupanga makabati. Wiki ya kwanza sikuweza kuingia kantini. Watu wote walikuwa na meza zao na vicheko vyao, nami sikujua mtu anaanzaje kukaa. Nilikuwa nikibeba chakula changu nikitembea nacho koridoni huku nikijifanya nina mahali pa kwenda. Siku moja sauti ikatoka chumba cha mwisho: "Binti, hicho chakula unakipeleka matembezi?" Nikasimama. "Ingia. Kuna kiti cha pili humu, na hii kompyuta haiombi chakula cha mtu."

Kuanzia hapo nilikula humo. Alhamisi za draiva nilikaa kwenye kiti cha pili nikitazama. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaelewa yote, lakini niliogopa kwamba nikisema nimeelewa somo litaisha, na somo likiisha nitarudishwa koridoni. Kwa hiyo kila mwezi nilimuuliza tena, "Babu, tunaanza upande gani?" Naye alicheka, "Wewe binti, kichwa chako nacho kinataka kusasishwa," kisha akaanza kueleza upya, taratibu, tangu kuwasha.

Ndipo mkuu wa idara alipokuja mwanzoni mwa mwezi huu akasimama mlangoni. Alisema kwamba mzee akiondoka, kama hakuna anayeweza kuziweka hai pande zote mbili, upande wa zamani utafutwa na chumba kitakuwa stoo. Akanigeukia. "Wewe umekaa naye siku zote. Unaweza?" Nilitazama viatu vyangu. Nikisema hapana, visima na vijito vyote vitafutika. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema mbele ya mzee kwamba hahitajiki tena, na mtu wa pekee ninayezungumza naye humu ndani nitakuwa nimemfungulia mlango atoke. Mzee hakunisaidia. Alikuwa anafuta miwani. Nikasema nitajaribu Alhamisi.

Alhamisi ilipofika, tulibadilishana viti. Nilikaa chake, yeye akakaa changu, akaipachika mikono katikati ya magoti. Niliwasha upande mpya, nikaingia kwenye mipangilio ya umeme, na alama ya vema ilikuwepo. Mwezi uliopita niliiondoa kwa mkono wangu mwenyewe. Siku zote nilidhani masasisho ndiyo yanayoirudisha, lakini nilipotazama orodha yake, tangu mwezi uliopita hapakuwa na sasisho hata moja.

"Babu," nikasema, "hii niliiondoa."

"Najua. Kila mwezi unaiondoa, kila mwezi nairudisha."

"Kwa nini?"

Alikohoa kidogo. "Sasa tungekaa hapa tukifanya nini, binti? Tuangaliane?"

Yeye akaendelea, "Na wewe, 'Babu tunaanza upande gani, Babu tunaanza upande gani.' Ulijua tangu lini?"

"Zamani."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi pia nilicheka. Kisha tukakumbuka siku yenyewe, naye akairudisha miwani machoni. Akasema, "Haya. Leo fanya kama mtu anayejua."

Nilifanya. Niliiondoa alama, nikasasisha, nikazima kabisa, nikawasha upande wa zamani, nikausasisha nao. Ulipokuwa ukiwaka upya skrini ilibaki nyeusi muda mrefu kuliko kawaida. Nilimtazama. Mikono yake haikutoka katikati ya magoti, ingawa niliona inavyobanwa humo. Sikugusa kitu. Niliinama kutazama waya, kama alivyonifundisha, na nilipoinuka picha ilikuwa imerudi. Nilizunguka upande mpya nikaukuta salama, nikarudi wa zamani, nikafungua bonde lake. Mito ilikuwa ya buluu. Aliusogelea ule mkubwa, akaufuata kwa kidole juu ya kioo kutoka chanzo hadi mwisho wa karatasi. Tulikuwa tumemaliza, na chai yake ilikuwa bado ya moto.

Mkuu wa idara alikuja jioni. "Zote mbili zinawaka?"

"Zinawaka," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi ilinishangaza.

"Basi chumba kinabaki."

Alipoondoka, mzee alisimama akachukua koti lake. "Hicho kiti cha pili mguu wake wa nyuma ni mbovu," akasema. "Ukimkalisha mtu, umwambie asiegemee." Hayo ndiyo makabidhiano yetu.

Kwa niaba ya ofisi nzima nakushukuru, Babu, kwa mito iliyonyooka pale inaponyooka na kupinda pale inapopinda, kwa majina madogo ambayo hukukubali yapotee, na kwa masanduku yote uliyoyabeba mpaka kituoni. Lako nitalishika mimi. Najua unakwenda kuishi kwa binti yako, na umelalamika kwamba kompyuta ya huko ina upande mmoja tu na hujui mtazungumza nini. Tunakuombea afya, mchana mwema, na mtu wa kukaa nawe hata pale ambapo hakuna kilichoharibika.

Limebaki jambo moja, nalo ni siri. Chumba ni kimya sasa, kwani tangu Alhamisi ile mzee anazunguka ofisi nyingine kuaga. Juzi nilikula peke yangu mbele ya skrini, na nilikisikia hata kijiko changu. Nilipotoka nikamwona yule dada mpya wa mapokezi amesimama koridoni na chakula chake mkononi, akisoma tangazo la zamani la zimamoto kana kwamba lina habari mpya. Nilimuuliza kama angependa kujifunza kusasisha draiva. Akauliza, "Ni kazi ngumu?" Nikamwambia ni ndefu sana, inachukua mchana mzima wa Alhamisi, na haieleweki mara moja.

Jana, kabla ya kufunga chumba, niliingia upande mpya nikairudisha ile alama ya vema. Mnaposoma karatasi hii ukumbini, yule dada atakuwa kule mbele akipokea wageni. Nawaomba sana, mkipita pale mapokezi, msimwambie.