Kikohozi cha Mashine ya Enos

Ufukoni Asembo Bay, ubavuni mwa banda la kupimia samaki, kuna benchi ndefu ambayo Seline aliiweka kwa ajili ya wateja wake wa kahawa, lakini ikaishia kuwa mali ya wasemaji. Upande wa ziwa hukaa Ondiek, fundi wa mashine za boti, anayeitwa Daktari kwa sababu hakuna injini inayopita mikononi mwake bila kunyweshwa dawa. Kando yake hukaa Joram, mpima samaki, ambaye jina lake la benchi ni Redio, na ukikaa naye kidogo utajua kwa nini. Adhuhuri hiyo upepo ulikuwa umekata kabisa. Ziwa lilikuwa limelala bila kunyanzi, na hata korongo waliosimama kwenye mawe hawakutikisa shingo. Okinyi akaja amebeba mashine ya boti begani, akaitua mchangani mbele ya Daktari. Hakusalimia mtu.

— Imekataa kuwaka? Daktari akauliza.

— Inawaka. Unavuta kamba mara moja tu, inawaka.

— Inatoa moshi?

— Haitoi.

— Sasa umeniletea mgonjwa gani, omera?

— Nataka uirudishe vile ilikuwa.

Redio akaanza kucheka. Alipouona uso wa Okinyi, kicheko kikamfia mdomoni.

Mashine ile ilikuwa ya Enos, kaka yake Okinyi, na ufuo mzima uliijua kwa sauti. Ilikuwa na kikohozi. Ilinguruma vizuri, ikakwama, ikakohoa mara mbili mfululizo kama mzee aliyepaliwa na ugoro, kisha ikavuta pumzi na kuendelea. Lornah, mke wa Enos, alikuwa akikisikia kikohozi hicho kikiwa bado mbali, anainjika maji ya ugali, na yakichemka mume anaingia mlangoni. Kisha, msimu wa mvua kubwa, boti ilikutwa imenasa kwenye matete. Nyavu zilikuwamo, mashine ilikuwapo. Enos hakuwamo. Walimtafuta mpaka wapiga mbizi wakakata tamaa. Wazee wakashauri lizikwe tunda la mti wa yago badala ya mwili, kama wanavyofanyiwa wale ambao maji yamekataa kuwarudisha. Lornah akawajibu kwamba yeye hakuolewa na tunda.

Okinyi akalazimika kulisha nyumba mbili kwa boti ile ile. Lakini kikohozi kilizidi kuwa kibaya. Siku moja mashine ilimzimikia katikati ya mawimbi, na alipiga kasia huku analia kama mtoto. Aliporudi salama alimkimbilia Daktari. Daktari akachanganya dawa ya kusafisha kwenye petroli, akaifunga mashine kwenye pipa la maji na kuiwasha. Ilitapika moshi mweusi hadi akina mama wanaoanika dagaa wa omena wakafunika pua zao. Maji ya pipa yakawa kama wino. Jioni mashine ilikuwa inalia laini, kama cherehani.

Juma lililofuata, kikohozi kikaanza kusikika ziwani.

— Si nilikuambia ni boti ya watu wa Uyoma? Redio akasema. Mashine moja na nyingine zinaweza kukohoa sawa. Hata watu wanakohoa sawa.

— Mashine zote za huku nazijua, Daktari akasema. Hakuna inakohoa hivyo.

— Basi ni mwangwi. Joto likizidi, maji inashika sauti ya zamani, inairudisha.

— Sauti ya mwaka jana? Seline akauliza huku anammiminia Okinyi kahawa. Wewe Redio, hiyo stesheni yako imeharibika.

Okinyi hakuigusa kahawa. Alikuwa amechuchumaa, kiganja chake kimelala juu ya kifuniko cha mashine.

— Inakuja saa sita, kila siku, akasema. Inakuja mpaka nyuma ya matete pale, halafu inanyamaza. Haifiki. Na shemeji anainjika maji. Kila siku anapika, anakaa na sahani mbele yake. Jana ameniambia, Okinyi, mbona ndugu yako anafika karibu hivi na hashuki?

— Ukamwambia nini? Daktari akauliza.

— Nimwambie nini? Ndio nimekuja kwako. Toa hiyo dawa. Irudishie uchafu wake.

Daktari alivuta pumzi ndefu. Alikuwa mtu wa kujisifia dawa zake, lakini sasa alisema taratibu, kama anayeogopa kusikiwa mbali na benchi.

— Okinyi, sikiza. Masizi ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri, basi. Yanashika kwa kichwa ya pistoni, kwa plagi, kwa matundu ya kabureta. Dawa inayalainisha, yanatoka na moshi. Siwezi kuyarudisha. Ile ilikuwa uchafu ya miaka.

— Miaka ya nani? Redio akauliza.

— Unamaanisha nini?

— Namaanisha ni Enos alikuwa anachanganya hiyo mafuta kwa mkono wake. Kila safari alienda, imeacha kitu kidogo ndani. Asubuhi alikuwa na furaha, imeacha. Siku alinyeshewa, imeacha. Sasa wewe umeingiza dawa, umekwangua yote. Si masizi umetoa, Daktari. Umetoa mtu.

— Wacha hizo, bana.

— Na ile maji ya pipa? Ile nyeusi? Uliimwaga wapi?

Macho ya Daktari yalikwenda yenyewe kwenye ukingo wa maji, pale boti zinaposukumwa.

— Hapo, akasema.

Seline akaweka birika chini. Na kutoka mbali upande wa kina kirefu, wakaisikia.

Ilinguruma. Ikakwama. Ikakohoa mara mbili, ikavuta pumzi.

Okinyi hakuinua kichwa. Alikandamiza viganja vyote viwili juu ya mashine, kama mtu anayemzuia mnyama asisimame. Chuma kilikuwa baridi. Kilikuwa baridi kuliko inavyofaa chuma kilichopigwa na jua la saa sita.

— Unaona kitu? Redio akanong'ona.

— Hakuna boti, Daktari akasema. Naona mpaka ng'ambo. Hakuna boti.

Kikohozi kikasogea. Korongo wakaruka wote kwa pamoja bila kulia. Harufu ya moshi ikafika ufukoni, ule moshi mzito wa petroli iliyotiwa oili nyingi, namna Enos alivyokuwa akichanganya licha ya kukatazwa. Juu kwenye mteremko, kwenye jiko la Lornah, moshi wa kuni nao ukaanza kupanda. Mashua zilizofungwa mbele yao zikayumba kidogo, moja baada ya nyingine, kama zinavyoyumba mwenzao anapopita. Nyuma ya matete sauti ikazimika.

Wakati huo akaja mwanamke amebeba karai kichwani. Alikuwa mgeni. Alisema anaitwa Nasike, amekuja kutafuta samaki kwa mara ya kwanza ufuo huu, na ameambiwa aulize hapa penye benchi. Akatua karai, akajifuta jasho, akatazama matete kisha wanaume.

— Nimesikia boti imefika, akasema. Huko kwingine nanunua, boti ikifika wanaume wanaingia majini, wanasaidia kuvuta. Huyu wenu mbona hamwendi kumpokea?

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi ile iwekwe pale, hakikutoka kitu. Daktari alitazama mikono yake. Seline aligeukia ukuta.

Okinyi akasimama. Akakunja suruali, kisha akaona ni kazi bure, akaingia ziwani alivyo. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Kwenye ukingo wa matete akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, wazi, kama anavyofanya mtu wa kupokea pua ya boti.

— Enos, akaita. Leta.

Wale wa ufukoni walimwona akipepesuka, kama aliyepokea uzito wa ghafla. Kisha akainama, akaweka bega, akaanza kuvuta. Hapakuwa na kitu mikononi mwake. Lakini misuli ya shingo ilimtoka, na maji yalikuwa yakijigawa nyuma yake pande mbili.

Redio akavua viatu. Akaingia, akashika upande wa kushoto, penye utupu, na uso wake ukabadilika. Daktari akamfuata upande wa kulia. Wakavuta wote watatu, miguu ikizama mchangani, wakihema. Walipotoka majini, mchanga mbele ya Nasike ulianza kuchimbika mfereji mpana, taratibu, kwa kila hatua yao.

Lornah alikuwa ameshuka kutoka jikoni. Alisimama kando ya mfereji ule, mikono ikiwa na unga, akautazama kwa muda mrefu.

— Mvuteni juu zaidi, akasema. Hapo bado maji yatamfikia.