Jina la Kemilembe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo naomba utulivu wenu, na wale wa kule migombani wasogee, waitu, jamaa zetu, wasije wakasema hawakusikia.

Marehemu Edvina Kokushubila alizaliwa Kashozi tarehe 12 Agosti 1951, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, na mwaka 1969 akaajiriwa kuwa karani wa chama cha kahawa huku Muleba, kazi aliyoifanya kwa ukali ambao baadhi yenu mnaukumbuka vizuri.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Mzee Aristides Mwijage wa hapa Izigo, wakajaliwa watoto watatu, Josia, Joanitha na Kemilembe, ambaye malaria ilimchukua Mei 1988 akiwa na miaka saba, na tangu hapo watu, kwa huruma, wakaacha kumwita mama yake kwa jina la mtoto huyo, wakidhani wanampunguzia uchungu, kumbe ndio walikuwa wanamwongezea.

Mwaka 1998 alianzisha na akina mama wenzake chama cha akiba na mikopo, akakiita Kemilembe, na kijiji kizima kikawa kinasema naenda kwa Kemilembe, Kemilembe kanisomeshea watoto, naye anasikiliza, moyo mweupe. Chama alikisajili, lakini jina kama alama ya biashara hakulisajili, akishikilia kwamba jina lililotolewa mbele ya ukoo halina haja ya kuandikishwa tena mjini.

Mwaka 2022 kampuni moja ya mikopo ya simu, Kemilembe Fedha, ikaisajili alama hiyo, ikakitaka chama kiliache jina, na kibaya zaidi, wadaiwa wa kampuni wakawa wanakuja kumtukana Kemilembe mlangoni pa ofisi ya chama, wakidhani ni ya kampuni. Jamani, mama yule aliumia! Kesi ikafika mahakamani, kibao cha chama kikafunikwa turubai kusubiri hukumu, watu wakawa wanasema chama tu, naye akipanda gari kwenda mahakamani Bukoba kila kesi ilipotajwa, hata miguu ilipovimba.

Alilazwa hospitali ya Rubya kwa maradhi ya moyo tarehe 20 Januari 2025, akafariki tarehe 6 Februari, hukumu haijatoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wanachama wenzake watakaobeba jeneza. Kesi itatajwa tena mwezi ujao, tutakwenda, ila leo hapa hakuna wa kutukataza.

Pumzika kwa amani, Mama Kemilembe.